Hofu Iliyodungwa Kalinzi

"Usifyatue risasi. Narudia, usifyatue."

Redio ya Motorola ikanyamaza sikioni.

Elinipa, jasusi wa idara, alirudisha bastola yake ya Glock kiunoni. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ya karibu imeshakatazwa.

Zizini kwa Mama Yunisi, kijijini Kalinzi, walisimama kondoo wenye mimba. Castory, daktari wa uongo, aliwadunga akisema ni chanjo. Ilikuwa estrojeni. Wakati wa mimba, projesteroni huvifanya vipokezi vya adrenalini vilegeze mfuko wa uzazi, hivyo kondoo akishtuka, mtoto hubaki salama. Sindano ya Castory ilivigeuza. Sasa hofu yoyote, hata ya mlio wa bastola, ingeukaza mfuko kama ngumi.

Jana radi ilipiga. Mama Yunisi alizika wanakondoo wawili, waliotoka kabla ya wakati, nyuma ya migomba.

Leo Castory alikusudia kulipua fataki mbele ya kamera, wateja wake wa ng'ambo wakitazama: namna ya kumaliza mifugo ya nchi bila sumu. Unyama mtupu.

"Shikamoo, mama," Elinipa alinong'ona. "Waondoe polepole."

"Marahaba, mwanangu. Hawa hawatoki kwa fimbo."

Mama Yunisi alichota chumvi ya Uvinza, akaitikisa kiganjani. Kondoo wakamfuata, mmoja baada ya mwingine, kuelekea bondeni.

Castory akachomoka kwenye mibuni. Fataki mkono huu, kiberiti mkono ule.

Elinipa alimrukia.

Njiti ikazimika kwenye tope. Kisu kikazama begani mwa Elinipa mpaka mfupani.

Kelele ilimpanda kooni. Akaimeza.

Alimkaba Castory shingo, akambana topeni, kimya, machozi yakimtoka kwa maumivu. Castory akalegea. Pingu.

"Hali?" Motorola iliuliza.

"Nyoka yuko hai. Wateja?"

"Tumewanasa ziwani, Katonga, ndani ya boti."

Mama Yunisi alivua kitenge. "Njoo nikufunge bega."

"Wao kwanza."

Kwa mkono mmoja Elinipa aliwadunga kondoo dawa aliyokuja nayo, ya kuvizuia vile vipokezi. Mmoja alikuwa amelala, akitoka damu.

"Watazaa?"

"Wengi wao, mama."

Mama Yunisi alimtazama yule aliyelala, akaketi karibu yake, akakishika kichwa chake.

Askari walifika, wakamchukua Castory kwa miguu. Elinipa, bega limefungwa, alitoa gia ya pikipiki yake ya Yamaha. Hakuiwasha. Aliisukuma kwenye mteremko, hatua kwa hatua, damu ikichuruzika hadi vidoleni, mpaka bonde la kondoo lilipopotelea nyuma ya kilima.

Ndipo akapiga kiki.