Rangi Nyekundu kwenye Pampu ya Mheshimiwa

Kila asubuhi mama mkwe wangu, Sonmati, alikuwa akichota maji ya chai kwenye pampu ya uani. Mwishowe akawa anashika mpini kwa ncha ya sari. Viganja vyake vilikuwa vimeota vigaga vigumu, vinapasuka.

Baba mkwe, Ramsagar Rai, alikuwa akikaa barazani kungoja watu. Aliwahi kuwa mbunge katika bunge la jimbo letu la Bihar. Zamani baraza ilijaa. Siku hizo hakuja mtu. Lakini pampu alizochimbisha zipo kila kijiji, zimeandikwa jina lake. Walimwita Mheshimiwa Pampu.

Siku moja akaingia Kanti, jirani yetu anayepima maji, na kopo la rangi nyekundu.

"Ba'mkubwa, pampu hii ina aseniki. Ni sumu ya ardhini. Haina rangi, haina ladha. Nimekuja kuipaka nyekundu, watu wajue maji yake hayanyweki."

"Nani kakutuma? Yule aliyenishinda uchaguzi?"

"Tazama viganja vya mama mkubwa. Hivyo ndivyo vilivyonituma."

"Mbona maji tunachemsha?" nikauliza.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, dada. Aseniki haifi. Maji yakipungua sufuriani, sumu inabaki ileile."

"Na mkwe wangu ananichemshia mara mbili!" mama akasema. "Sasa tunywe nini, hewa?"

"Kisima cha zamani nyuma ya zizi la nyati. Nimekipima, hakina aseniki. Kisafishwe, kifunikwe. Maji yake ndiyo mchemshe, mnywe, mpikie. Ya pampu yawe ya kufulia."

Baba mwenyewe ndiye aliyeamuru kisima kile kiachwe, siku aliyofungua pampu kwa mashada ya maua.

"Na pampu za vijiji vingine?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Za kando ya mto, nyingi ni hivi hivi."

"Basi hiyo ndiyo kazi ya maisha yangu, Kanti. Niliwanywesha sumu, wakanivika maua."

"Hukujua. Leo umejua."

Mama akamtazama. "Mheshimiwa, nimekupigia kura kila uchaguzi. Nipigie na wewe moja."

Baba akachukua brashi ya Kanti. Akaichovya koponi, akaanza kupaka pale palipoandikwa jina lake.

Sasa tunakunywa maji ya kisima. Vigaga vya mama havijaondoka. Daktari alisema tumechelewa, ila tukirudia pampu vitazidi.

Viganja vya binti yangu bado ni laini. Kila asubuhi babu yake huvigeuza, akavitazama. Kisha hubeba kopo la rangi, akaenda kijiji kingine.