Aliyesema "Toa"

Asubuhi ile kiwandani walikuwapo Tajiri, mwenye mali; Shemeji yake, mkuu wa tanuri tangu mwezi uliopita; Mkandaji, mwanamke aliyezeekea kwenye unga; na Mchochea Moto. Waliohesabika ni hao. Aliyesema "Toa" hakuwa mmoja wao.

Kwa desturi ya kiwanda hicho, mkate hautoki tanurini mpaka mkuu aseme "Toa". Shemeji hakuujua mkate mbichi wala ulioiva; cheo alipewa kwa udugu, na Mkandaji aliyekistahili akaambiwa asubiri. Siku ya kwanza Shemeji aliposita, sauti kavu ilitoka nyuma ya moto: "Toa." Wakatoa. Haijapata kuokwa pale mikate mizuri kama ile, na tangu hapo Shemeji hakufungua kinywa tena.

"Tajiri, anayetuamrisha humu si mtu," Mkandaji alinong'ona.

"Mikate inauzika?"

"Inauzika. Na inanuka nywele zilizoungua."

"Wivu huo, mama. Shemeji anajifunza."

"Anajifunza kunyamaza," Mchochea Moto akasema chini chini. "Damu nzito kuliko maji, sawa, lakini haioki mkate."

Ndipo sauti ikasema, "Ingia."

Shemeji akavua kofia, akaielekea tanuri. Tajiri alikimbilia mlango wa kutokea nje, komeo likakataa. Mchochea Moto akataka kumdaka Shemeji, mikono ikamgomea, kwa maana kila mkono mle ndani ulikuwa umekwisha kuzoea kutii kinywa kimoja. Na Mkandaji akasema "Simama", akarudia "Simama", neno lake likaanguka sakafuni kama unga, kwa kuwa hakuwa mkuu, na yule aliyekuwamo motoni alilijua hilo kabla yao wote.

"Nipe cheo," Mkandaji akamwambia Tajiri. "Sema tu."

"Ni ndugu wa mke wangu. Nikimvua cheo, nitamwambia nini dada yake?"

"Utamwambia yu hai. Sema, baba."

"Ingia," sauti ikarudia, kwa upole.

Tajiri alitazama mlango, akamtazama Shemeji, akatazama tena mlango. Mwishowe akasema, "Wewe ndiye mkuu wa tanuri."

"Simama," akasema Mkandaji. "Zima."

Moto ukazimika papo hapo, komeo likaachia lenyewe.

Siku hizi Mkandaji ndiye asemaye "Toa", na mikate hainuki kitu.

Shemeji alifariki siku ile ile, kabla ya adhuhuri, kwa majeraha ya moto: Tajiri alipokuwa akitazama mlango, yeye alikuwa amekwisha kuingia nusu mwili.