Abwao Anatazama

Mpangaji aliyewatangulia katika nyumba ile ya Nyamasaria alihama akaiacha runinga yake. Ilikuwa ndogo, bapa, ya kuunganishwa na intaneti, imetundikwa ukutani mkabala na mlango. Mtunza ploti alisema mwenye runinga hashiki simu, basi waitumie tu. Mtu mwingine angejiuliza ni nani huyo anayesahau runinga nzima kama aliyesahau kandambili. Calvince yeye alianza kutafuta rimoti kabla hata hajashusha godoro.

Alipoiwasha, maandishi yakatokea: Karibu tena, Abwao.

“Abwao ndiye nani?” aliuliza Dorca, mkewe.

“Si ni huyo alihama,” Calvince akasema. Akafuta akaunti, akaweka yake. Kesho yake runinga ikaandika vilevile. Akafuta tena, nayo ikamkaribisha Abwao tena. Dorca alikuwa karibu kujifungua, miguu imemvimba, na hakuwa na nguvu za kugombana na skrini. Wakazoea.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume, wakamwandikisha Griffins. Lakini kulia, jamani, kulia kwake kulivuka mpaka. Alilia akinyonya, alilia akiogeshwa, alilia hadi majirani wakaanza kugonga ukuta. Hospitali haikuona ugonjwa. Na kwa Wajaluo, mtoto mchanga akilia hivyo bila ugonjwa, husemwa anatafuta jina. Kuna marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa. Basi hutajwa wafu wa nyumba mmoja baada ya mwingine, na jina litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake.

Mama yake Calvince, Mama Aloo, alikuwa Bondo, na huko watu walimletea watoto awaombee. Alipiga simu akasema, “Msimwite mtoto jina lolote la marehemu mpaka nifike.” Mvua ikakata daraja la kwao, akachelewa.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Calvince hakuweza kuvumilia tena. Akambeba mtoto, akawa anazunguka naye sebuleni huku macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. “Ni Ogola? Ni babu Ogola?” Mtoto akalia. Akataja wajomba, akataja shangazi waliokufa kabla yeye hajazaliwa, akawamaliza. Mtoto analia tu. Mwisho akatupa jicho kwenye skrini, akasema kwa mzaha wa mtu aliyechoka, “Ama ni Abwao?”

Mtoto akanyamaza katikati ya kilio, mdomo ukiwa bado wazi.

Wakatazamana. Dorca alitaka kusema kwamba jina hilo si la kwao, lakini ile nyumba ilikuwa imetulia kwa mara ya kwanza, na usingizi ni mtamu. Akalala pale pale kwenye kochi.

Tangu siku hiyo Griffins hakulia tena. Hakulia akiwa na njaa, hakulia akiwa amelowa. Kliniki alipodungwa sindano alimkazia nesi macho, kimya. “Huyu ni mwanaume kabisa,” nesi akamsifu. Dorca akaanza kuutamani ule ukelele uliokuwa ukimtia wazimu.

Mtoto akawa anakonda. Ukimlaza chali, shingo inageuka polepole mpaka uso uelekee runinga. Nyuma ya runinga kukaanza kutoka harufu ya ziwa, si ile ya upepo na samaki, bali ya tope la chini kabisa na magugumaji yaliyooza. Halafu ikaja sauti. Mchana mmoja wa joto, runinga ikiwa imezimwa na mtoto amelala mapajani mwake, Dorca alisikia mtoto akinyonya. Akatazama chini. Midomo ya Griffins ilikuwa imefumba. Kunyonya kulitoka ukutani, kwa raha, kwa pupa, na kila mnyonyo ukija, bonde dogo la utosi wa mtoto lilididimia.

Alishika rimoti, akawasha. Pale panapoandikwa Endelea Kutazama palikuwa na picha moja tu. Ilikuwa sebule yao, mkeka wao, na Griffins juu yake, na chini ya picha mstari mwekundu, ule unaoonyesha umefika wapi na kimebaki kiasi gani. Ulikuwa umeshavuka nusu. Chini yake pameandikwa: Abwao anatazama.

Dorca akarukia plagi akaing'oa, na papo hapo kifua cha mtoto kikaacha kupanda, midomo ikageuka rangi ya majivu, naye akamtikisa, akampuliza puani, akamwita Yesu, akamwita mama yake mzazi aliye kaburini, akapapasa sakafuni akitafuta ile plagi na hapati tundu kwa kuwa machozi yamemziba macho, mpaka ikaingia, taa nyekundu ikawaka, na mtoto akavuta pumzi kana kwamba hakuna lililotokea.

Calvince alipoonyeshwa picha ile, hawakuthubutu kuichomoa runinga tena. Mama Aloo alifika siku mstari ulipobakiza upana wa kidole. Hakuketi kwenye kochi. Alisimama mlangoni akanusa, akaitazama picha ya mtoto kwenye skrini, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Mlimwita nani?”

“Abwao,” Calvince akanong'ona. “Ilikuwa mzaha, Mama.”

“Kwetu hakuna Abwao.” Akaketi sakafuni. “Mtu wetu akipewa mtoto, anamlinda. Huyu si mtu wetu. Hata sijui kama alikuwa mtu. Amepewa mtoto kwa mdomo wa baba yake, na mtoto ameitika.”

“Nitaivunja hiyo kitu.”

“Uivunje naye akiwa ndani? Nyamaza, Calvince.”

Dorca alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. “Mama, nisaidie. Anaisha huyu. Tufanyeje?”

“Jina likishaitikiwa haliwezi kuachwa hivi hivi. Lazima mtu alibebe.” Mama Aloo akavua kitambaa cha kichwa, akaomba kwa muda mrefu huku ameweka mkono kwenye utosi wa mtoto, kisha akaielekea skrini. “Mwache mtoto. Abwao ni mimi. Niite mimi, nitakuitika.”

Mstari ukasogea. Ile harufu ikajaa chumba mpaka Calvince akakohoa.

“Hanitaki,” alinong'ona yule mama mzee, na sasa ndipo Dorca alipomwona akiogopa. “Nimekula chumvi nyingi. Kwangu hakuna cha kutazama.”

Calvince alifungua mdomo. Labda angesema, labda hangesema, Mungu ndiye anajua. Mstari ulikuwa umebakiza wembamba wa ukucha, na Dorca hakuwa na nafasi ya kungoja ajue. Aliuinua uso wake karibu na kioo hata pumzi yake ikaacha ukungu juu yake.

“Abwao ni mimi,” akasema. “Mimi hapa. Nimeitika.”

Griffins akalia.

Alilia kwa hasira na njaa ya siku zote zile, akarusha miguu, akageuka mwekundu, na Calvince naye akalia huku anacheka. Skrini ikafa yenyewe. Calvince aliing'oa ukutani, akaiponda nyuma ya choo mpaka vioo vikawa unga, na harufu ikaondoka. Wakachinja kuku. Mtoto akanenepa, analia usiku na mchana, na hakuna aliyethubutu kumtafutia jina.

Mama Aloo alikaa nao kidogo amsaidie mkaza mwanawe. Asubuhi moja alikuwa jikoni akipepeta dagaa wa omena, Griffins akaanza kulia sebuleni.

“Dorca,” akaita, “mtoto analia.”

Mtoto akazidi kulia. Mama Aloo akaacha ungo, akaenda kuchungulia. Dorca alikuwa ameketi kwenye kochi, mtoto akijipindapinda mapajani mwake, yeye ameukazia macho ukuta ule mtupu, shingo imenyooka. Kifuani maziwa yalikuwa yakimtiririka, yamelowesha nguo hadi kiunoni.

“Dorca. Nyathina, mwanangu. Dorca.”

Hakugeuka. Mama Aloo alilijua jina ambalo angelitaja mara moja tu na Dorca angegeuka. Lilimfika mpaka kwenye ulimi. Akaufumba mdomo kwa kiganja, akamchukua mtoto, akatoka naye nje juani.