Namba Arobaini na Saba

Boti ya Nyamisati ilifunga kwenye gati la Kilindoni saa tano asubuhi, na baada ya dakika kumi hapakuwa na pa kuweka mguu. Mabati, magodoro, trei za mayai na mabegi vilishushwa juu ya vichwa vya watu. Wachukuzi walipiga kelele, na kila mtu alikuwa na haraka isipokuwa msichana mmoja aliyekaa juu ya katoni ndefu, akijipepea kwa tiketi. Alivaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya bizari, na pembeni yake palikuwa na robota la vitambaa.

"Dada, umekalia mashine yangu," alisema Hemedi.

"Mashine gani inalala chini kama gogo?"

"Ya kutafuta madini ardhini. Ditekta."

"Basi initafutie kiti. Nimesimama tangu Nyamisati." Hakuinuka. Alimtazama vizuri. "Si wewe fundi simu wa jirani na msikiti? Ulinitengenezea simu mwezi wa tatu, ikafa mwezi wa nne."

"Iliingia maji?"

"Iliingia."

"Basi haikufa. Uliiua."

Alicheka hadi mtandio ukamteleza. Aliitwa Zuena, fundi cherehani wa sokoni, mzaliwa wa Bweni, kijiji cha mwisho kaskazini mwa kisiwa. Hemedi alibeba robota lake hadi kibanda cha cherehani, kisha akarudi kuchukua katoni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, na katika kazi yake hakuwahi kusema simu imeharibika kabla ya kuipima kwa mita.

Mashine aliinunua kwa sababu ya kueleweka. Wavuvi hupoteza vipuri vya injini mchangani, wageni wa hoteli hupoteza saa. Aliyemwagizia ni Jawad, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na ni katika uwanja wa nyuma wa duka hilo Hemedi alipojifunzia. Jawad alikaa juu ya mfuko wa saruji na kusoma kijitabu cha maelekezo. Zuena alikuja kila Ijumaa baada ya kufunga cherehani, eti kuangalia tu.

"Sahani iwe sambamba na ardhi," Jawad alisoma. "Isiinuke mwishoni."

Hemedi alipeleka sahani ya mashine kushoto na kulia. Kila mwisho wa mkono iliinuka.

"Unafagia kama unafukuza kuku," Zuena alisema. "Mpeni fundi ufagio wa chelewa ajifunze kwanza."

"Fagia wewe."

Zuena alishika mashine. Alifagia kama alivyofagia uwanja wa bibi yake tangu utotoni: polepole, chini, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Mashine ililia mara moja, ikalia tena pale pale. Walifukua msumari.

"Haya, mwanafunzi," alimwambia Hemedi, "umeona?"

Kioo cha mashine kilitoa namba kuanzia sifuri hadi tisini na tisa, kila aina ya chuma na namba yake. Walifukia vitu kimoja kimoja, na Hemedi akaandika kwenye daftari: msumari, kumi na mbili, kizibo cha soda, thelathini, sarafu ya mia mbili, sabini na tisa. Alivua pete yake ya fedha kidoleni, akaifukia pia. Namba ilisimama imara. Akaandika: pete, themanini na nne.

Hapo ndipo lilipoanzia kosa, na wote watatu walikuwepo. Hakuna aliyeliona.

Mwezi wa tano alipeleka posa. Mama yake alikuwa amefariki miaka minne nyuma na kuacha pete moja ya dhahabu, nyembamba kama waya wa spika. Dada yake mkubwa, Umi, ndiye aliyeongoza wanawake na kumvisha Zuena. Hakuitoa kwa moyo mweupe. Aliamini angeirithi yeye.

"Inanibana kidogo," Zuena alimnong'oneza Hemedi kwenye simu jioni ile.

"Nitaipanua?"

"Iache inibane. Nikisahau kama nina mtu, itanikumbusha."

"Utasahau?"

"Ukichelewa kupiga simu, ndiyo."

Mwezi wa sita Zuena alikwenda Dar es Salaam kununua vitambaa, akarudi baada ya siku nne. Mwezi wa saba alikwenda Bweni kuoga mwaka. Bibi yake, Mwanasiti, hakuwahi kuacha jambo hilo. Kila mwaka wa Kiswahili ulipogeuka aliingia baharini na wajukuu zake wa kike, wakajimwagia maji na kurudi na vicheko. Kabla ya kuingia alimvua Zuena pete, akaifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, akaiweka kanga juu ya jiwe. Walipotoka majini kanga ilikuwa mchangani, upepo umeiangusha. Fundo lilikuwa tupu. Kanga ilikuwa kuukuu, na pindo lilikuwa limetatuka.

Zuena alipiga simu akilia.

"Usilie, mpenzi," Hemedi alisema. "Kitu kilichoanguka kipo kilipoangukia. Nakuja na mashine."

Alimaanisha. Alifunga mashine nyuma ya pikipiki na kupita ile barabara mbaya ya Bweni bila kusimama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekupotezea amana ya mama yako."

"Haijapotea, Bibi. Iko hapa."

Alichora mchanga kwa kamba, mita moja kwa mita moja, miraba sitini kulizunguka jiwe. Alipowasha mashine, ililia kila hatua. Alifukua mara tisa, na mara zote tisa akatoa tone la risasi, la kijivu na zito. Sababu ilikuwa hapo hapo: mzee Sudi na wenzake walikaa chini ya mnara wa taa wakiyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari na kuimimina kwenye vifuu kutengeneza chubwi, vizito vya nyavu. Walikuwa wamefanya hivyo miaka mingi. Matone yalikuwa yameenea pwani nzima, na namba zake zilikuwa kati ya arobaini na hamsini na tano.

"Kwa mwendo huu nitachimba hadi Ramadhani," Hemedi alisema. Akabonyeza vitufe. "Nazifunga namba za risasi. Mashine haitazilia tena."

"Na pete ikiwa katikati ya hizo chubwi?" Zuena aliuliza.

"Pete ni themanini na nne. Tulipima, ulikuwepo."

Zuena alishika ncha ya kamba. Kweli, alikuwepo.

Kwa siku tatu Hemedi alifagia miraba yote sitini, kwenda na kurudi, kisha akaipita tena kwa kukatiza. Alifanya kazi safi. Sahani haikuinuka hata mara moja. Alipata sarafu sita, kijiko na kufuli. Siku ya tatu alikunja kamba.

Kilindoni, dada yake alimpakulia wali na kuuliza swali moja.

"Tangu Zuena arudi kutoka Dar, wewe uliiona pete kidoleni mwake?"

Hemedi alifikiri. Hakukumbuka. Alikuwa mtu wa kukumbuka, na kutokukumbuka kwake alikuhesabu kama ushahidi.

Kesho yake alikwenda sokoni. Zuena alikuwa akishona sare ya shule, sindano zikiwa mdomoni.

"Pete haimo pale," Hemedi alisema.

Alitoa sindano moja moja, akazichoma kwenye mto wake. "Sema vizuri."

"Nimepima kila mraba mara mbili. Ingekuwa imeanguka pale, ningeipata."

"Kwa hiyo haikuanguka pale."

"Sisemi mimi. Vipimo vinasema."

"Imeanguka wapi, basi? Dar?"

Hemedi alitazama sare. Zuena alisimamisha gurudumu la cherehani.

"Bibi ndiye aliyefunga lile fundo, Hemedi. Kwa mikono yake."

"Bibi ana mtoto wa jicho, Zuena. Unaweza kumpa kifungo cha shati afunge, asijue."

Ilikuwa kweli kwamba Bibi Mwanasiti alikuwa na mtoto wa jicho. Ilikuwa kweli pia kwamba sentensi ile haikuwa na njia ya kurudi.

"Ulianza na mwizi mmoja," Zuena alisema taratibu, "halafu umeona hatoshi, ukaongeza kikongwe."

"Sikusema mwizi."

"Neno ulilitaka, ukakosa ujasiri. Nenda, fundi. Nina sare kumi na nne."

Wiki iliyofuata watu wa Bweni walirudisha mahari. Hemedi alimpigia Zuena, aliyekuwa amerudi Bweni, mara saba kwa siku mbili, na simu haikupokewa. Mara ya nane ilipokewa na Bibi.

"Mwanangu, mimi nilifunga mafundo mawili," alisema. "Dhahabu naijua kwa kidole, sihitaji macho. Niambie tu kama unanisadiki."

"Bibi, mimi simlaumu mtu."

"Sikukuuliza hilo."

Salio liliisha, au Bibi alikata mwenyewe. Hemedi hakupiga tena.

Kuanzia siku ile Bibi Mwanasiti alikwenda pwani kila alfajiri baada ya swala akiwa na ungo. Alikaa kwenye jiwe lile lile, akachota mchanga kwa kiganja, akaupepeta. Watu walimwambia apumzike, akawaambia anatafuta amana ya watu. Tarehe ishirini na mbili mwezi wa tisa alianguka hapo. Alizikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Hemedi alifika mazikoni, akasimama safu ya nyuma, akatupa mchanga mara tatu kama wengine. Zuena hakutoka ndani kwa wanawake.

Mwezi wa kumi na moja mke wa Jawad, Zahida, alivua pete yake ya dhahabu ili akande unga wa chapati, akaiweka kwenye kizingiti, mjukuu akaipiga teke. Jawad alimwita Hemedi. Hemedi alifagia uwanja ule ule alikojifunzia, wote. Mashine ilinyamaza.

"Haimo, mama Zahida. Labda iko ndani."

Zahida alikuwa amechuchumaa hatua moja kutoka kwenye sahani. Aliparua vumbi kwa vidole vyenye unga, akainua pete.

"Na hii nini, baba? Umepita juu yake mara mbili, nakuona."

Jawad alicheka. Hemedi hakucheka. Aliomba pete ile, akaiweka chini, akafungua namba zote, akapitisha sahani. Hamsini na moja. Aliipitisha mara kumi. Hamsini na moja, hamsini na moja, hamsini.

"Hizo si namba za chubwi?" Jawad aliuliza.

"Ndizo."

"Na ile pete uliyopimia?"

Hemedi alitazama kidole chake. Mwanamume wa Kiislamu havai dhahabu. Siku ile hapakuwa na dhahabu yoyote uwanjani, wala hakuna aliyewaza kuiazima. Alikuwa amepima fedha na kuandika "pete", kisha akaiamuru mashine isisikie dhahabu, halafu akaiuliza kama dhahabu ipo.

Alikwenda Bweni asubuhi iliyofuata bila kufunga namba yoyote. Safari hii alifukua kila mlio. Alijaza ndoo ya risasi, vipande mia mbili na kumi na viwili, kwa siku tano. Mlio uliofuata namba yake ilikuwa arobaini na saba, na alichotoa hakikuwa cha kijivu.

Jawad ndiye aliyemwambia kwamba Zuena ameuza cherehani ya mguu na anaondoka Jumatano kwenda Tanga, kwa mama yake mdogo.

Gati lilikuwa limejaa kama siku ile. Zuena alikuwa amekaa juu ya robota lake, mtandio mweusi, amekonda usoni. Alimwona akija, akabaki amekaa.

"Hujambo, Zuena."

"Sijambo."

Hemedi alifungua kiganja. Pete alikuwa ameiosha kwa maji baridi. Zuena aliitazama bila kuigusa.

"Ilikuwa wapi?"

"Mraba wa kumi na tisa. Hatua mbili kutoka kwenye jiwe."

"Kina?"

"Vidole vinne."

"Kiganja cha Bibi kilifika vidole viwili," Zuena alisema. "Nilipima."

Wachukuzi waliwapita na godoro. Hemedi alieleza yote: fedha na dhahabu, risasi, namba. Hakujificha nyuma ya neno lolote. Alieleza vizuri, na Zuena alisikiliza hadi mwisho, kama mteja anayeambiwa kwa nini simu haitawaka tena.

"Nilikosea," alimaliza. "Nimekuja kukuposa upya. Kwa yeyote utakayenituma kwake nitakwenda."

"Wa kukutuma kwake alikuwa mmoja, naye tumemzika."

"Zuena."

"Nikuulize, mpenzi." Neno lilimtoka bila kutaka, na wote wawili walilisikia. "Pete ya Zahida isingepotea, leo ungekuwa wapi?"

Hemedi angeweza kusema uongo mdogo. Alikuwa amepanda pikipiki na kuja hadi hapa kwa ajili ya jibu lolote isipokuwa lile la kweli.

"Kibandani kwangu," alisema.

Zuena aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyerudishiwa chenji sahihi. "Asante kwa kutonidanganya. Ulikuwa mwema kila siku isipokuwa siku niliyokuhitaji. Mpe Umi hiyo pete. Mwambie fundo lilikuwa zima, kanga ndiyo ilichoka."

Honi ya boti ililia. Zuena aliinama kulinyanyua robota, likamshinda. Hemedi alilibeba, kama mara ya kwanza, hadi ukingoni mwa gati. Mchukuzi akalipokea.

"Ukifika utanipigia?"

"Hapana," Zuena alisema, na akafuta mchanga uliokuwa kwenye mkono wa shati la Hemedi, mpito mmoja polepole, akapanda.

Alasiri Hemedi alirudi Bweni na kumpelekea mzee Sudi ndoo ya risasi. Mzee alizimimina kwenye sufuria bila kuzihesabu, akasema ni nzuri, zitatosha wavu mmoja wa jarife. Kutoka pale jiwe lilionekana. Ungo ulikuwa bado umeegemezwa juu yake. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuondoa.