Ndala za Tundu la Saba

Jumanne ile tulikula mapema, ugali wetu wa bukari na mboga ya sombe, kisha mjomba Kabemba akanichukua tukapime udongo wa uwanja wa zamani wa gofu. Yeye alikuwa mkuu wa vipimo. Mimi, Elise, nilijaza fomu, kwa sababu mwandiko wake ni wa kuku aliyekanyaga wino. Hakuna aliyecheza pale tangu nikiwa mtoto. Maji machafu ya machimbo yalipita, nyasi zikafa, na majirani wakakataa hata kuanika nguo upande ule. Sasa serikali ilitaka kulitangaza eneo hilo kuwa lenye sumu, lisafishwe, lifunikwe kwa udongo mpya, kisha zijengwe nyumba. Mtaa mzima ulikuwa ukingojea.

Kwenye tundu la saba, palipokuwa na bendera zamani, tulikuta shimo la wachimbaji wa siri. Mvua ya Jumapili ilikuwa imeliziba. Pembeni kulikuwa na ndala za bluu, zimepangwa vizuri, kamba ya kushoto imefungwa kwa waya wa shaba.

Kwetu mchimbaji huacha viatu mdomoni mwa shimo, ili walio juu wajue yumo. Akitoka, anavivaa.

Fomu iliuliza: kuna mashimo? Ukiandika ndiyo, kazi inasimama, pengine miaka.

"Mjomba, hizi bilato ni ya nani?"

"Ni ya zamani. Andika hakuna, mwipwa."

Chini ya miguu yangu kitu kiligonga. Mara tatu. Taratibu.

Nilimtazama mjomba. Alikuwa amesikia, jasho lilimtoka.

"Ni mawe inashuka," akanong'ona.

Nikaandika hakuna. Nikazitia ndala katika mfuko wa sampuli, nikabandika lebo kwa mazoea: tundu la saba, hakuna shimo. Ijumaa mashine zikashindilia udongo mpya juu ya shimo lile.

Jumamosi alikuja ofisini mama Mignonne wa mtaa wa Kasulo, akimtafuta mwanawe Stany, mchimbaji. Uso wake ulikuwa umechangamka, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Barafiki yake balizunguka mashimo yote," aliniambia. "Habakuona bilato yake, ile ya bluu ya waya. Njo kusema haiko chini. Pengine alienda Likasi."

Nikampa maji ya kunywa. Ndala sikuzitaja. Aibu ile ninayo hadi leo, mwili mzima.

Jumatatu adhuhuri ndala zilikuwa mlangoni kwa mjomba. Zimelowa. Zimeelekea ndani. Kule ofisini mfuko ulikuwa umefungwa vilevile, lakini mtupu. Mjomba akazitupa mtoni. Kesho yake zikarudi. Akakagua kila chumba, chini ya kila kitanda. Hakuna mtu. Kisha chini ya sakafu ya saruji kitu kikagonga. Mara tatu. Mjomba alifunga mizigo siku hiyohiyo akaenda Lubumbashi, hakuniaga. Nilipopita kuangalia nyumba, ndala hazikuwepo tena.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nikaamua kusema, angalau mama yule amlilie mwanawe. Nilikwenda Kasulo asubuhi, maneno nimeyapanga mdomoni: Mama, Stany yuko chini ya tundu la saba. Mimi ndiye niliyeondoa viatu.

Nilimkuta akisonga bukari nje, karibu na mlango. Sahani zilikuwa mbili. Aliponiona, akaweka kidole mdomoni.

"Sema pole pole, mutoto wangu. Stany alirudi. Eko analala."

Nikatazama chini. Ndala za bluu zilikuwa mlangoni pake, zimeelekea ndani, zinachuruzika maji mekundu. Kwenye ule waya wa shaba ilining'inia lebo. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Ulimuona, mama?"

"Bado. Chumba ni giza, sitaki kumuamsha. Lakini bilato njo hii."

Ndani, chini ya sakafu, kitu kikagonga. Mara tatu. Taratibu.

Mama Mignonne akatabasamu, akachukua sahani iliyojaa zaidi.

"Eko na njaa," akasema.

Nami nikamshikia mlango, yale maneno bado mdomoni.