Hatua Mia Nne

Kila asubuhi Lisila alimwaga mchanga kwenye ubao wa baba yake, akausawazisha kwa kiganja na kumngoja aje na kijiti. Mzee Dameas alifundisha jometri katika kisiwa cha Kosi, na binti yake huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa mwanafunzi wake mbishi kuliko wote. Asubuhi hii hakubisha. Jana yake walikuwa wamezika mtoto mchanga wa jirani yao Filina, aliyekufa kwa njaa.

Filina alikuwa mjane. Mwaka uliopita, Dameas akiwa safarini, Similo, ndugu ya marehemu mume wa Filina, aligawa shamba la marehemu kati yake na mjane huyo kwa desturi ya kisiwa. Mtoto asiye na upande huzunguka kila kipande akihesabu hatua. Zikilingana, mgawo ni wa haki. Lisila ndiye aliyezunguka. Kipande cha Similo, hatua mia nne. Cha Filina, chembamba kando ya korongo, hatua mia nne. Akatamka "sawa" mbele ya wazee, akapewa tini, akajiona mtu mzima. Similo akasifiwa kwa roho nzuri, mnafiki yule.

Sasa Dameas alimwambia achore maumbo mawili yenye mzunguko mmoja. Lisila akachora mraba wa kumi kwa kumi, kisha mstatili wa kumi na nane kwa mbili. Akayagawa katika viraba, miraba midogo iliyolingana, akahesabu. Mia moja. Thelathini na sita.

"Baba, hili jembamba ni shamba la mama Filina."

Alitamani kuufuta mchanga. Nani angejua? Lakini Filina alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, na shayiri ya kipande kile isingemfikisha mwisho wa baridi.

Wakaenda kwa wazee, na Similo na Filina wakaitwa. Similo alicheka, akauliza kama si mtoto huyu huyu aliyehesabu.

"Hatua nilihesabu vizuri, bwana Similo," Lisila alisema. "Kosa langu ni kusema 'sawa'. Hilo sikulipima."

Akapanga kokoto chini kwa maumbo yale mawili, kokoto moja kwa kila kiraba. Wazee wakahesabu wenyewe, wakarudia. Similo akawa anatazama viatu vyake. Kabla ya adhuhuri waliamua kwamba shamba lote ligawanywe upya, na Similo amrudishie Filina shayiri iliyompungukia msimu ule.

Filina hakushukuru. Alimtazama Lisila, akauliza taratibu, "Ungejua mwaka jana, mwanangu angekuwa hai?"

Lisila alilia njia nzima. Dameas hakumbembeleza.

"Umefanya vyema kusema," alimwambia walipofika mlangoni, "ila umechelewa, na uchungu huo ni wako na wangu. Miguu yako haikudanganya, mwanangu. Ulichotangaza ndicho ambacho hukukijua. Siku nyingine usiseme 'sawa' mpaka umethibitisha, maana kuna mtu atakula kwa neno lako, au atalala njaa."