Wenceslas Anakuja Kula Saa Sita

Wafanyakazi walikuwa mia sita na kumi na wawili. Karatasi ikatoka na majina mia sita na kumi na matatu.

Lile la ziada lilikuwa chini kabisa, peke yake, bila namba ya kazi: WENCESLAS. Kasongo akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Jina halikuondoka.

Lilikuwa jina lake. Tuseme lilikuwa lake zamani, maana huo ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali ikataze majina ya ubatizo, na Zaire nzima, mkubwa na mdogo, ilikuwa imeyavua na kuvaa ya mababu. Sasa aliitwa Citoyen, yaani Raia, Kasongo Lubunda, mtu wa Maniema, mwandishi wa programu katika kampuni ya mawese ya mto Lindi, pale Kisangani. Na alikuwa amechoka, jamani, mtu yule alikuwa amechoka. Miezi mitatu alikuwa anaifundisha ordinateri, kompyuta ya kampuni, kusahau. Programu mpya, kadi mpya za matobo, safu ya majina ya Kizungu ikang'olewa jina baada ya jina. Jina la mwisho kuling'oa lilikuwa lake mwenyewe, na kadi yake ya zamani aliitupa kwenye pipa la takataka bila hata kuitazama.

Orodha ile ilitakiwa kubandikwa getini Jumamosi, na watu wa chama wangekuja kuisoma. Jina moja la Kizungu kwenye karatasi ya kazi lilitosha kumfanya mtu aitwe ofisini kwao. Wengine waliitwa wakarudi. Wengine hatukuwaona tena.

"Germaine!" akaita, kisha akajiuma ulimi. "Citoyenne Bolumbu. Kuja uone."

Germaine ndiye aliyekuwa akitoboa kadi, mama kutoka Yanonge mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Akaangalia, akarudi nyuma hatua mbili.

"Haiko mimi, Papa Kasongo. Ile kadi sikuitoboa."

"Sikusema iko wewe."

"Bon. Alors nani?"

Kasongo alikuwa na jibu. Wiki hiyohiyo ndege ilikuwa imeleta kanda kutoka Kinshasa, uwanja wa Bangboka, toleo jipya la compilateur, ile programu inayotafsiri maandishi ya mtu kuwa lugha ya mashine. Toleo jipya ni kama bibi-arusi, halikosi visa vya siku za kwanza. Basi akalitoa, akarudisha la zamani, akaendesha upya. Orodha ikatoka safi, akashusha pumzi. Kesho yake, Alhamisi, king'ora cha saa sita kilipolia na klimatizeri ya kupoza chumba ikazima yenyewe kama mtu aliyeziba pua, mashine ya kuchapa ikagonga mstari mmoja wa ziada: WENCESLAS. Na chumbani mkajaa harufu ya mshumaa uliotoka kuzimwa.

Akagawa kadi mafungu mawili. Fungu la kwanza, jina likatoka. Fungu la pili, jina likatoka. Akagawa tena na tena, jasho likimtiririka mgongoni, mpaka akabaki hana kadi hata moja kwenye mashine, sahani ya kadi tupu, akabonyeza tu kuona. Mashine ikachapa jina lile, na chini yake, kwa adabu zote, ikaandika: MAKOSA 0.

"Papa Kasongo," Germaine akanong'ona, "tuache. Twende kula."

"Nenda wewe. Mimi sina njaa."

Njaa alikuwa nayo. Alichokosa ni nguvu ya kwenda nyumbani na kurudi. Tangu kazi ile ianze hakuwa amekula chakula cha mchana kwake hata mara moja.

Jioni alipofika nyumbani, mtaa wa Kabondo, mke wake Philomène alikuwa anaimba. Kasongo akasimama mlangoni. Hakuwa amemsikia akiimba tangu mwaka uliopita, tangu siku alipomkataza kumwita Wence, hata ndani, hata kitandani, kwa sababu mkuu wa seli ya chama, Citoyen Lisungi, alikaa nyumba ya pili, na ukuta ulikuwa wa udongo tu. Philomène alilia siku ile. Alisema yeye aliolewa na Wence, huyu Citoyen hamjui.

"Leo tena ulikula muzuri," akamwambia sasa, akicheka. "Jana na leo. Pondu yote, na ndizi za makemba juu."

"Nani alikula?"

"Weye! Saa sita. Usinichezee."

Kasongo akaketi. Sufuria ilikuwa mezani, na pondu, yale majani ya muhogo, ilikuwa imejaa mpaka juu. Akachota kidogo, akaweka mdomoni, na haikuwa na chumvi, wala mawese, wala pilipili, ilikuwa kama kutafuna karatasi.

"Philo," akasema polepole, "mimi sikutoka kazini. Jana, leo, sikutoka."

Tabasamu la mke likafifia.

"Nilikuita Wence," akasema. "Ukaitika. Hukuchoka hata kidogo."

Siku zote za ndoa yake Kasongo hakuwahi kuogopa nyumba yake. Usiku huo aliiogopa.

Alfajiri ya Ijumaa alikuwa mlangoni kwa Germaine, akamwambia yote. Germaine akamkatiza kabla hajamaliza.

"Nilimuona, papa. Jana, nikienda kula, nilipita kwako. Alikuwa kwa dirisha, shati nyeupe, anacheka na mama. Nilisema, tiens, Papa Kasongo amenipita njia gani? Nikarudi mbio kazini, nikakuta uko unahesabu kadi. Nikanyamaza. Niliogopa utasema niko mulevi."

Akampeleka kwa Mama Madina, Mwislamu wa kutoka mji wa Kasongo, aliyejulikana mtaa mzima kwa kuwasomea watu waliovamiwa na majini. Mama Madina alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Ulipoacha ile jina, ulipatia nani?"

"Sikupatia mutu. Nilitupa."

"Wapi?"

"Kwa takataka, mama. Na kadi yake."

Mama Madina akaguna. "Wenzako walikuwa na akili. Mumoja alinong'onea mutoto wa dada yake, mwengine alipatia ndoyi, wakakuwa majina sawa, mwengine analitaja kwa sala yake. Jina lazima likae kwa mutu. Nyumba ukiiacha wazi, unashangaa mugeni anaingia? Yule hakuiba. Aliokota."

"Ni nani?"

"Jini tu. Hakuwa na jina, sasa iko nalo. Amekula mara mbili?"

"Mbili."

"Akikula ya tatu, nyumba iko yake, na mama iko wake. Leo, saa sita, fika kabla yake. Piga hodi. Mama atauliza nani. Useme ile jina yako, kwa sauti yote, mbele ya mutu yeyote. Mara moja inatosha. Mimi nitasoma hapa, lakini kisomo changu bila mudomo wako hakina kazi."

"Mama, na Lisungi?"

Mama Madina akainua macho kwa mara ya kwanza. "Baba, mimi nakuambia ya majini. Ya chama, ujue mwenyewe."

Kazini, saa tano na nusu, mashine ilianza mapema. Haikungoja king'ora. Ilichapa jina lile mara moja, ikapumzika, ikachapa tena, kama hatua za mtu anayetembea bila haraka. Kasongo akatoka mbio. Alipita soko, alipita kanisa lililofungwa, jua la utosini limenyonya vivuli vyote chini ya miguu ya watu, na nyuma yake, au mbele yake, hakuweza kusema, ilikuja harufu ile ya mshumaa, na kila alipokaza mwendo magoti yalimkumbusha miezi mitatu ya kukesha juu ya kadi, na moyo wake ulisema Philo, Philo, nangoja nini, nilikataza nini, mpaka akafika kwenye mlango wake mwenyewe king'ora cha kampuni kikilia mbali, na akagonga.

"Hodi!"

"Nani?" Sauti ya Philomène ilikuwa karibu, mkono tayari kwenye komeo. Ilikuwa na hofu, na chini ya hofu kulikuwa na kuomba.

Kasongo akavuta pumzi. Jina lilikuwa pale, nyuma ya meno. Akageuza kichwa kidogo tu. Kwenye baraza la nyumba ya pili Citoyen Lisungi alikuwa ameketi, redio mapajani, beji ya chama kifuani, akimtazama. Lisungi akapunguza sauti ya redio ili asikie vizuri.

"Nani?" Philomène akauliza tena. "Sema, basi. Nakuomba, sema!"

"Mimi," akasema Kasongo, kwa sauti ya mtu mwenye adabu. "Citoyen Kasongo."

Kisha kijiko kikagusa sahani mle ndani, na mtu akatafuna, akameza. Sauti ikaja, sauti yake mwenyewe kabisa, ile ya miaka aliyokuwa analala vizuri.

"Usifungue, Philo. Mutu wa kazini. Muambie arudi."

Mkono ukaondoka kwenye komeo. Aliusikia.

Citoyen Lisungi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akapandisha redio. Kasongo akasimama mlangoni, akiwa na mambo elfu ya kusema na hana jina la kuyasemea, mpaka miguu yake, iliyochoka kuliko yeye, ikageuka yenyewe ikashika njia ya kazini. Alipofika, orodha ilikuwa imechapwa, safi, tayari kwa geti. Majina yalikuwa mia sita na kumi na moja, na lake halikuwamo.